Jeneza lina tarehe: historia fupi ya biashara ya mazishi Homa Bay na Migori

Wadau wangu wa Migori, Homa Bay na nyote mlio mbali na nyumbani, leo tuongee kuhusu jeneza. Najua mada ni nzito na wengine mtataka kuipita haraka. Lakini ni kitu ambacho kila boma hapa kwetu litanunua siku moja, na hakuna anayetuambia kilitoka wapi.

Simama nje ya hospitali kubwa yoyote ya huku kwetu, halafu angalia ng'ambo ya barabara. Utaona vitanda, kabati na meza, na kando yake majeneza yamesimamishwa kama milango. Fundi ni mmoja, mbao ni zilezile, msumeno ni uleule. Mara nyingi mwenye karakana aliirithi kwa babake, na kijana wake yuko hapo nyuma anapiga randa. Hiyo ndiyo biashara ya mazishi ya familia kwetu. Haina ofisi wala mtu wa suti nyeusi. Inaonekana kama imekuwepo tangu dunia iumbwe, kumbe umri wake ni kama karne moja tu.

Hoja yangu ni moja. Vitu vingi vinavyofanya mazishi yetu kuwa ghali tunaviita mila, lakini vilikuja na misheni, meli, reli na friji. Vina tarehe. Na kitu chenye tarehe ya kuanza, watu wanaweza kukaa chini wakakipunguza bila kumkosea babu yeyote.

Kabla ya mbao

Mjaluo wa zamani alizikwa haraka, siku hiyohiyo au kesho yake, kwa boma lake, mwili ukiwa umefungwa kwa ngozi ya ng'ombe. Joto la ziwa halimngoji mtu. Waliochimba kaburi walikuwa majirani na watu wa ukoo, na malipo yao yalikuwa chakula. Kilichokuwa kirefu ni maombolezo: wanawake wakilia kwa nyimbo, nyatiti ikipigwa, watu wakinyolewa nywele, wanaume wakienda tero buru na ng'ombe, mikuki na ngao kukifukuza kifo kitoke bomani. Paul Mboya, mchungaji wa Sabato na chifu wa Karachuonyo, aliandika desturi zetu kwa Kijaluo kwenye kitabu chake Luo Kitgi gi Timbegi cha mwaka 1938. Kwa hivyo hatuhitaji kubahatisha. Maiti iliondoka upesi, matanga ndiyo yalikaa.

Na je, mtu akifia mbali, maiti isipatikane? Hapo ndipo mila ilinishangaza. Kulikuwa na jibu tayari. Familia ilichukua tunda la yago, lile tunda refu zito la mti ambao Waswahili wanauita mwegea, ikalizika kwa boma badala ya mwili. Mtu aliyezama ziwani na asionekane tena alirudishwa nyumbani hivyo. Kaburi lilikuwepo, heshima ilikuwepo, watu wakalia wakamaliza. Bei ya yago ni kupanda mti.

Hata lugha inatoa ushahidi. Kwa Kijaluo jeneza tunaliita sanduk, yaani sanduku, neno tulilookota kutoka Kiswahili. Hatukuwa na neno letu kwa sababu hatukuwa na kitu chenyewe. Na neno jeneza lenyewe ukilifuata mpaka pwani unapata kitu kingine. Muislamu wa Mombasa, au hata wa hapa Kendu Bay, anavishwa sanda na kubebwa kwa jeneza mpaka kaburini, kisha jeneza linarudishwa kumngoja mwingine. Jeneza moja linahudumia mtaa mzima kwa miaka. Sisi tulichukua jina, halafu tukaanza kulizika pamoja na mtu.

Misheni, randa na meli

Sasa mbao zilifikaje? Reli kutoka Mombasa iligusa ziwa Desemba 1901, pale Port Florence, Kisumu ya leo. Kutoka hapo meli za mvuke zikaanza kuzunguka ziwa, na bandari kama Kendu Bay, Homa Bay na Karungu zikapata mizigo ambayo hazikuwahi kuona: misumari, mabati, misumeno, vitasa, nguo nyeupe ya dukani.

Mwaka 1906 Wasabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, wakiongozwa na Arthur Carscallen kutoka Kanada. Mwaka huohuo Wanglikana walianzisha shule ya Maseno, ng'ambo ya pili ya ghuba. Shule za misheni za wakati huo hazikufundisha kusoma tu. Maseno ilifundisha pia useremala na kufyatua matofali, kwa sababu misheni yenyewe ilihitaji milango, madawati na makanisa. Kijana aliyejua kupima mbao na kupiga pembe mraba alijua tayari kutengeneza jeneza, hata kama hajaambiwa. Na Mkristo mpya, aliyekatazwa tero buru na kunyolewa kwa kiasili, alihitaji njia mpya ya kuonyesha kwamba amezikwa vizuri. Sanduku la mbao, nguo nyeupe na msalaba vilijaza hiyo nafasi.

Kote duniani kazi hii ilianza hivyo. Kule Uingereza, kwa miaka mingi, seremala wa kijiji ndiye aliyetengeneza jeneza la jirani yake. Polepole akaongeza farasi na gari, akaongeza nguo nyeusi za kukodisha, mtoto wake akarithi, na baada ya vizazi viwili familia ikawa na jina la biashara mlangoni. Marekani, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliwafundisha watu kutia maiti dawa ili isafirishwe mbali. Rais Lincoln alipouawa mwaka 1865, mwili wake ulizungushwa kwa treni katika miji mingi na umati ukauona. Tangu hapo wateja wakaitaka dawa, na wauza fanicha waliokuwa wakiuza majeneza wakageuka wataalamu wa mazishi.

Wazungu walipojenga miji hapa Kenya walikuja na huo mpango. Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka 1899, na ilipokua, makaburi yaligawanywa kwa rangi na dini: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Huduma ya heshima, yenye gari na mtu wa kupanga kila kitu, ilikuwa ya mwenye pesa. Mpaka leo, kiongozi mkubwa akifariki Nairobi, jina unalosikia mara nyingi ni Lee Funeral Home.

Hapa kwetu kazi hiyo haikupata mwenyewe mmoja. Iligawanyika. Fundi akachukua sanduku, kanisa likachukua ibada, ukoo ukachukua kaburi, mwenye gari akachukua safari, na baadaye hospitali ikachukua friji. Hiyo ndiyo sababu bili ya mazishi kwetu haiji karatasi moja. Inakuja kwa mikono kumi tofauti, kila mmoja anadai kidogo, na hakuna anayejumlisha mpaka siku imepita.

Waliokufa mbali

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza 1914, Wajerumani walivuka kutoka upande wa Tanganyika na kufika Kisii Septemba mwaka huo. Baada ya hapo vijana wetu walichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi la Uingereza. Hesabu rasmi pekee inataja wapagazi zaidi ya 40,000 wa jeshi hilo waliokufa, wengi kwa magonjwa na njaa. Jina la kikosi chao limebaki Nairobi kama Kariokor na Dar es Salaam kama Kariakoo. Hakuna aliyewatengenezea sanduku. Nyumbani, familia zilibaki na njia ile ya yago.

Kisha, kwa sababu ya kodi ya nyumba na kipande, wanaume wakaenda kutafuta shilingi: majani chai Kericho, reli Nairobi, bandari Mombasa. Wengine walibaki karibu, kwenye machimbo ya dhahabu yaliyofunguliwa Migori miaka ya 1930, na baadaye kwenye shaba ya Macalder mpaka mgodi ulipofungwa 1966. Mtu akifia kazini mjini, mwajiri alitaka tu azikwe haraka. Makaburi ya maskini mjini ndiyo yaliwangoja.

Nadhani hapa ndipo penye moyo wa hadithi yote. Watu wetu waliona wenzao wakizikwa kama mzigo usio na mwenyewe, na wakakataa. Vyama vya ukoo na Luo Union vikaanza kuchanga pesa ili mwenzao asizikwe ugenini. Kati ya miaka ya 1940 na 1950, kumrudisha maiti nyumbani kukawa desturi. Kwa hivyo sisemi kwamba jeneza zuri ni ujinga. Lilikuwa jibu la watu waliodharauliwa: mlimtumia akiwa hai, lakini akifa ni wetu, na tutampeleka nyumbani kwa heshima.

Safari ya Tom Mboya ilionyesha hilo kwa nchi nzima. Aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na mwili ukarudishwa Rusinga, wakati kisiwa bado kinafikiwa kwa maji tu. Kaburi lake liko pale mpaka leo, ndani ya jengo lenye umbo la risasi. Ukiwa Homa Bay na hujawahi kulitembelea, panda matatu ya Mbita uende.

Kitu kimoja huwa tunasahau. Mwaka 1980 serikali ya Moi iliagiza vyama vya kikabila vivunjwe, na Luo Union ikaenda. Vyama vidogo vya ukoo viliendelea kimyakimya, lakini ule mfuko mkubwa, uliochangwa kabla mtu hajafa, ulipotea. Desturi ya kurudisha maiti ikabaki na bili ikaachiwa familia. Kutoka hapo tukaingia kwa harambee, na sasa kwa grupu la WhatsApp lenye namba ya M-Pesa, linalofunguliwa mtu akiwa ameshakata roho.

Friji ilibadilisha kila kitu

Mochari na fomalini vilileta kitu ambacho babu zetu hawakuwahi kuwa nacho: muda. Fomalini inaingizwa kwa mshipa, inasukuma damu nje, na mwili unangoja. Mwili ukingoja, watu nao wanaweza kugombana.

Mfano mkubwa ni S.M. Otieno, wakili aliyefariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilienda mpaka Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, na alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Hiyo ni siku 154. Kila mtu huongea kuhusu kesi hii kama vita kati ya mila na usasa. Mimi naona friji. Bila friji hakuna kesi, kwa sababu mwaka 1886 Otieno angekuwa kaburini kabla ya wakili kufunga tai. Mila iliyoshinda mahakamani ilisimama kwa miguu ya stima.

Halafu ikaja miaka ambayo huku kwetu hatupendi kuikumbuka. Ukimwi ulipiga kando ya ziwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Hata miaka ya 2010, makadirio ya serikali yaliweka maambukizi ya Homa Bay karibu asilimia 25 ya watu wazima. Nilimuuliza fundi mmoja mzee hapa Migori kuhusu wakati huo. Aliweka randa chini, akasema, "Nyathina, kulikuwa na miezi sikutengeneza kitanda hata kimoja." Alisema baba yake alimfundisha kupima jeneza kwa macho tu, ili mwenye msiba asisimamishwe kupimiwa mtu wake kwa futi. Nikamuuliza kama alitajirika. Akacheka. Alisema nusu ya wateja wa wakati huo walimwachia deni, na huwezi kufukua sanduku ukalirudisha dukani.

Mwaka 2001, hospitali ya Homa Bay ilianza kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo kupitia Madaktari Wasio na Mipaka, ikiwa ya kwanza kati ya hospitali za umma Kenya. Dawa zilipoenea, fundi alirudi kwa vitanda. "Kitanda ni biashara nzuri," aliniambia, "mtu anarudi kukushukuru."

Kwa hivyo nikiongea hivi simshambulii fundi. Yeye ndiye mtu wa kwanza kudaiwa bei ya chini na wa mwisho kulipwa.

Bili inayobaki

Shida ni siku. Hesabu siku na utaelewa. Nyanya yangu alipofariki, alikaa mochari siku 16. Tulingoja kikao, tukangoja watu wa Mombasa, tukangoja nyumba ya mjomba ipigwe rangi ili wageni wasicheke. Kila siku ina bei. Hema lina bei, spika zina bei, programu yenye picha za rangi ina bei. Ng'ombe wawili waliochinjwa ndio waliokuwa karo yangu ya muhula uliofuata. Chuo hakikungoja, na mimi sikurudi. Silaumu mtu, na nyanya angekuwa wa kwanza kukataa wale ng'ombe wachinjwe. Lakini msinambie hiyo ni mila ya Wajaluo. Mila ya Wajaluo ingemzika kesho yake.

Na sisi bado tulikuwa na ng'ombe. Kuna boma ambazo huuza shamba. Kuna wale wanaofanya disco matanga ili wapate pesa ya jeneza, na kila mtu anajua wasichana wadogo hupatwa na nini usiku huo. Kuna maiti zinazoshikiliwa kwa sababu ya deni la hospitali, ingawa mahakama zetu zimesema zaidi ya mara moja kwamba maiti si mali na haiwezi kuwekwa kama dhamana. Jua hiyo sheria. Siku ya msiba hakuna atakayekukumbusha.

Wakubwa wameshatuonyesha njia. Wangari Maathai alipofariki Septemba 2011, aliacha neno kwamba mti usikatwe kwa ajili yake. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na gugumaji, lile gugu linaloziba ziwa letu, na mwili wake ukachomwa. Na mwaka wa huzuni wetu sote, 2025, Raila Odinga alifariki India tarehe 15 Oktoba. Alikuwa ametaka azikwe ndani ya saa 72. Mwili ulivuka bahari, nchi ikaupokea, mamilioni wakalia, na Jumapili ya tarehe 19 alikuwa amelala Bondo. Kama Raila, na umati wote ule, alizikwa siku ya nne, mzee wetu wa Uriri au Ndhiwa anangoja nini wiki tatu?

Mimi napendekeza mambo matatu, na yote yana mizizi kwa historia niliyowapa. La kwanza, kila ukoo ukubaliane idadi ya siku mapema, wakati hakuna maiti ndani ya nyumba. La pili, turudishe mfuko wa Luo Union kwa kiwango cha kijiji: mchango mdogo kila mwezi, kwa chama kilichosajiliwa, ili siku ya msiba pesa iwe tayari na fundi alipwe taslimu. La tatu, tukubali sanduku la kawaida. Mbao nyepesi ya saipresi iliyopigwa vanishi inamtosha mtu yeyote, na udongo hausomi bei.

Maombolezo tusiyaguse. Tulie, tuimbe, tulale kwa boma wiki nzima kama tunataka. Hayo ndiyo yalikuwa yetu tangu mwanzo.

Kwa hivyo wikendi hii nenda kwa mzee wako, au mpigie simu. Muulize babu yake alizikwa na nini, baada ya siku ngapi, na nani alilipa. Andika jibu kabla hajalichukua aende nalo. Halafu muulize yeye mwenyewe anataka siku ngapi, na wengine wa boma wakiwa hapo wanasikia.